Je, Tumkatae Shahidi kwa Sababu ya Dini Yake?

Katika parokia zetu za Butembo na Beni yako maneno yanayorudiwa kila mara mtu akitaja vitabu vya Mark Twain. Wengine wasema: "Huyo alikuwa Mmarekani asiyeshika dini. Alilicheka Kanisa. Vitabu vyake vina kazi gani katika shule ya Kikatoliki?" Wengine, waliosoma zaidi kidogo, waongeza: "Tena alimwandika mfalme akibusu msalaba kama kichekesho. Ni matusi kwa msalaba." Halafu kitabu charudishwa sandukuni, na watoto wapewa kingine kisichomwudhi mtu.

Mimi nasema wazi kwamba sikubaliani nao hata kidogo. Neno hilo, "si wa kwetu, tusimsikilize", liliwahi kusemwa na Wakatoliki juu ya Kongo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Waliosemwa kuwa "si wa kwetu" walikuwa na ukweli mikononi, na walioziba masikio walikuwa sisi. Nataka kuieleza habari hiyo kwa urefu kidogo, maana yatuhusu leo katika Beni kuliko mnavyodhani.

Kwanza, mtu mwenyewe. Jina lake la kweli lilikuwa Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika jimbo la Missouri, akakulia Hannibal, mji mdogo kando ya mto Mississippi. Baba yake alifariki mwaka 1847, na kijana akaacha shule mapema, akajifunza kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1859 akapata cheti cha rubani wa meli za mto. Hilo jina "Mark Twain" latoka huko huko mtoni: ndivyo alivyopaza sauti baharia mwenye kupima kina cha maji kwa kamba, akitangaza kwamba kina ni pima mbili, meli yaweza kupita. Alianza kulitumia mwaka 1863, alipokuwa mwandishi wa gazeti huko Nevada. Baadaye akawa mwandishi mcheshi mwenye sifa kuliko wote katika Marekani. Akapata mali, akaipoteza yote katika biashara ya mashine ya kupanga herufi na ya kuchapa vitabu, akafilisika mwaka 1894. Sheria ilimruhusu kulipa sehemu tu ya deni. Yeye alikwenda kuzunguka dunia akitoa hotuba, mwaka 1895 na 1896, hata akawalipa wadai wake wote faranga kwa faranga. Akiwa bado Ulaya katika safari hiyo, binti yake Susy akafariki nyumbani. Wafanya biashara wa Butembo, ambao kwao neno la mtu juu ya deni ni kitu kikubwa, nadhani watamheshimu kwa hilo kabla ya kusoma ukurasa mmoja wa vitabu vyake.

Hannibal ilikuwa nchi ya utumwa. Baba yake alimiliki watumwa. Katika utoto wake hakumsikia mtu akisema kwamba utumwa ni uovu; hata makanisani watu walihubiriwa kwamba Mungu ameuruhusu. Alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu chake kinachojulikana sana, Huckleberry Finn, kilichotoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885. Katika hadithi hiyo mtoto Huck, mwana wa mlevi, asafiri mtoni juu ya chelezo pamoja na Jim, mtumwa aliyetoroka. Huck amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na kwamba mwizi wa namna hiyo ataingia motoni. Basi aandika barua ya kumpasha habari mwenye mtumwa. Akiisha kuandika, moyo wake watulia kama wa mtu aliyetoka kuungama. Halafu akumbuka jinsi Jim alivyokesha zamu yake na zamu ya Huck pia, ili mtoto apate usingizi. Airarua barua, na kukubali kwenda motoni.

Msomaji wa juu juu atacheka kwamba mtoto huyu hajui katekisimu. Lakini someni tena. Wasiojua katekisimu ni wale wakubwa waliomfundisha, wenye viti vya mbele kanisani. Hiyo ndiyo kazi ya mcheshi wa namna ya Twain. Hasemi, "Ninyi ni wabaya." Amweka mbele yetu mtu anayeamini uongo kwa moyo safi, naye aachwa aseme mwenyewe, hata uongo waonekana. Maktaba ya mji wa Concord ilikiondoa kitabu hicho mwaka ule ule wa 1885, ikisema hakifai kwa watoto.

Sitauficha ubaya wake. Katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1869 aliwasimanga mapadri na watawa wa Italia, na mara nyingine alisimanga asichokielewa. Katika hadithi ya mwaka 1889, juu ya Mmarekani aliyejikuta katika nchi ya mfalme wa zamani wa Uingereza, alilipiga Kanisa kama adui wa maendeleo. Maneno hayo ni makali, na baadhi yake si ya haki. Mkristu aweza kuyajibu, tena ayajibu kwa hoja.

Lakini mbona wanaomshitaki hawataji upande wa pili? Mwaka 1901 aliwapiga vikali wamisionari Waprotestanti wa nchi yake mwenyewe, kwa sababu huko China, baada ya vita ya Maboksa, waliwatoza wanavijiji fidia kupita hasara iliyopatikana. Mwaka 1896 alitoa kitabu kizima juu ya Yoana wa Arki, kilichoandikwa kwa heshima, karibu bila kichekesho, na yeye mwenyewe alikihesabu kuwa bora kuliko vitabu vyake vyote. Wakati ule Yoana hakuwa bado mwenye heri. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1909, na mtakatifu mwaka 1920. Huyu asiyeshika dini alimheshimu bikira huyo miaka ishirini na minne kabla Roma haijamwandika katika orodha ya watakatifu. Tena tukumbuke nani aliyemhukumu Yoana huko Rouen mwaka 1431: baraza lililoongozwa na askofu. Mwaka 1456 Kanisa lenyewe liliifuta hukumu hiyo.

Haya, tufike Kongo.

Mwaka 1885 nchi yetu ilifanywa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Si koloni la Ubelgiji, mali yake. Ilipita Ubelgiji kwa ukubwa karibu mara 76, naye hakuikanyaga hata siku moja. Mwaka mmoja kabla, mwezi wa Aprili 1884, serikali ya Marekani ilikuwa ya kwanza kuitambua bendera ya chama chake, kwa kuwa aliwaambia atakomesha biashara ya utumwa na kuleta ustaarabu. Mtu aliyemtumikia katika kazi ya kwanza alikuwa Stanley, yule yule aliyepita bonde letu la Semliki mwaka 1889, chini ya Ruwenzori, akirudi na Emin Pasha. Stanley na Twain walijuana tangu 1867, na Twain ndiye aliyemkaribisha jukwaani katika mji wa Boston mwaka 1886. Nalitaja jambo hili ili mwone kwamba Twain hakuwa adui wa zamani wa kazi ya Kongo. Marafiki zake walikuwa ndani yake.

Yaliyofuata wazee wa Kongo waliyasimulia, na vitabu vimeyaandika. Kila kijiji kiliandikiwa uzito wa mpira wa kuleta. Wanawake walikamatwa na kufungwa mpaka waume warudi msituni na vikapu vilivyojaa. Askari alidaiwa kuonyesha kwamba hakupoteza risasi bure, na ushahidi ulikuwa mkono wa kuume wa maiti. Na pasipokuwa na maiti, mkono ulikatwa kwa mtu aliye hai. Mpira ulitesa zaidi Ekwateri, nchi za ziwa lililoitwa kwa jina la mfalme, na Kasai. Lakini Bula Matari alikuwa mmoja, na bendera ilikuwa moja.

Nani alisema? William Sheppard, Mmarekani mweusi, mmisionari Mpresbiteri wa Kasai, mwaka 1899 alifika kambini akahesabu mikono 81 ikikaushwa juu ya moto. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri ndani ya nchi mwaka 1903, na taarifa yake ikatoka mwaka 1904. Alice Harris, mke wa mmisionari Mbatisti huko Baringa, alipiga picha mwezi wa Mei 1904: mwanamume, jina lake Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu mdogo wa binti yake, vitu vyote alivyobakiziwa. Mwaka huo huo Edmund Morel, karani wa zamani wa kampani ya meli aliyegundua kwamba meli zaenda Kongo na bunduki na kurudi na mpira, alianzisha chama cha kuitetea Kongo, akavuka bahari mwezi wa Oktoba kumwomba Twain aandike.

Twain alikuwa mjane wa miezi michache tu, karibu miaka 70. Aliandika. Magazeti makubwa ya Marekani yalikataa kuchapa. Kikatoka kama kijitabu huko Boston mwezi wa Septemba 1905, chenye picha, na mwandishi hakuchukua malipo. Faida ilikwenda kwa chama cha Morel. Katika kijitabu hicho Mfalme Leopold ajisemesha peke yake chumbani. Asoma taarifa za wamisionari na makonsuli, apiga meza, atukana. Angalieni kinachomkasirisha. Hakasiriki kwamba mikono imekatwa. Akasirika kwamba imesemwa. Ahesabu gharama alizotumia kuwahonga waandishi wa magazeti na kuwanyamazisha watu. Ajihurumia. Kila baada ya maneno machache aushika msalaba kifuani na kuubusu. Na kitu kimoja chamtia hofu kuliko vyote, ile kamera ndogo ya kushika mkononi, kwa sababu ni shahidi asiyeweza kumnunua.

Hapo ndipo wanapotuambia: "Matusi kwa msalaba!" Ndugu zangu, fikirini kidogo. Sisi twaijua namna hii ya kusimulia tangu tulipokuwa wadogo penye moto wa kyaghanda. Babu asimuliapo habari za fisi, humpa fisi sauti yake mwenyewe. Fisi ajitetea mbele ya mbuzi kwa maneno matamu, aapa kwa Mungu, alia machozi, na wajukuu wacheka kwa sababu waona damu mdomoni mwake. Je, babu amewatukana mbuzi? Amelitukana jina la Mungu kwa kuwa fisi ameapa kwalo? Mwenye kulichukua jina la Mungu bure ni fisi. Na katika Kongo msalaba ulibusiwa kweli. Leopold hakuchoka kujiita mlinzi wa dini na mfadhili wa misioni. Twain hakubuni unafiki ule, aliuwekea taa.

Sasa nafikia jambo linalouma. Wakatoliki walijibu nini? Huko Marekani Kadinali Gibbons wa Baltimore, mtu mwema, mtetezi wa wafanya kazi maskini, mwaka 1904 alisimama upande wa Leopold. Katika Ubelgiji magazeti mengi ya Kikatoliki yalisema ni njama: wivu wa Waprotestanti wa Uingereza, na tamaa ya wafanya biashara wa Liverpool. Misioni nyingi za Kikatoliki, ambazo kwa amri ya mfalme zilikuwa za Wabelgiji, zilinyamaza. Mwaka 1907 kikatoka kitabu cha kumjibu Twain, bila jina la mwandishi, kikisema yote ni uzushi. Yawezekana hata kidogo cha njama kilikuwamo. Wafanya biashara wa Liverpool hawakuwa malaika. Lakini mkono wa binti ya Nsala ulikuwa wa dini gani? Ulikuwa wa Kiprotestanti?

Leopold mwenyewe, ili kuwanyamazisha watu, alipeleka tume yake ya waamuzi watatu mwaka 1904. Alidhani watamsafisha. Watu wa Kongo wakaja mbele yao, mmoja mmoja, kutoa ushahidi. Alikuja Lontulu, mtemi wa Bolima, akiwa na vijiti 110, kijiti kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa. Akaviweka chini, kimoja kimoja, akitaja majina. Taarifa ya tume ilitoka mwezi wa Novemba 1905, nayo ilithibitisha yale ambayo Waprotestanti walikuwa wakiyasema kwa miaka. Hata misioni zetu haikuziacha: iliyalaumu mashamba-kapela ya Mapadri Majezuiti, yaliyoshika watoto kwa kazi. Lakini maneno yenyewe ya mashahidi, pamoja na ya Lontulu, yalifungiwa katika nyaraka za Ubelgiji mpaka miaka ya 1980.

Namshukuru Mungu alikuwako Padri mmoja. Arthur Vermeersch, Mjezuiti, mwalimu huko Leuven, aliisoma taarifa ile, na mwaka 1906 akatoa kitabu juu ya shauri la Kongo, akiulaumu utawala ule kwa jina la maadili ya Kikatoliki. Katika bunge la Ubelgiji Emile Vandervelde, msoshalisti asiyesali, alikuwa akisema mambo hayo hayo. Mjezuiti na msoshalisti! Hakuna aliyepoteza dini yake kwa kusema ukweli ule ule na mwenzake. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa mfalme ikawa koloni la Ubelgiji. Leopold alifariki mwezi wa Desemba 1909. Twain alimfuata tarehe 21 Aprili 1910.

Wala sitaki kumfanya Twain mtakatifu. Alikwenda Washington kuwasemesha wakubwa wa serikali, na alipoambiwa kwamba Marekani haikufungwa na mapatano ya Berlin, kwa hiyo haikulazimika kuingilia kati, alichoka, akajitoa katika kazi hiyo mapema mwaka 1906. Tena katika kijitabu chake Wakongo ni mikono na picha. Mwenye kusema ni mfalme tu. Lontulu na vijiti vyake hamumkuti humo akisema kwa kinywa chake. Hilo ni pengo kubwa, na mwandishi wa Kongo ndiye apaswaye kulijaza.

"Lakini hayo yalipita," mwaniambia. Yalipita wapi? Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga, shoka na risasi: Ngadi, Oicha, Eringeti, Mbau, bonde la Semliki, halafu mpaka Lubero na Ituri. Tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, watu zaidi ya 40 waliuawa usiku ndani ya parokia ya Kikatoliki, walipokuwa katika kesha la sala. Mtu akileta habari kama hizo, swali la kwanza barazani huwa lipi? Je, wauliza wangapi wamekufa, wapi, saa ngapi, nani aliona? Sivyo. Wauliza: "Aliyesema ni nani? Ni wa chama gani? Ni kabila gani? Asali wapi?" Akiwa Mprotestanti, Wakatoliki watikisa kichwa. Akiwa padri, wengine wasema, "Mapadri wafanya siasa." Akiwa Mwislamu, ndiyo hatari zaidi: maskini huyo hushukiwa kabla hajamaliza sentensi, hata akiwa amekimbia mapanga yale yale.

Tunayo mifano yetu wenyewe ya kuona haya. Mhashamu Emmanuel Kataliko alikuwa Askofu wetu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 alisema wazi kwamba mataifa ya kigeni, wakisaidiwa na ndugu zetu wengine, walikuwa wakiendesha vita kwa mali ya nchi yetu. Wakubwa wa uasi wa RCD hawakujibu kwamba asema uongo. Walisema achochea watu, wakamzuia kurudi Bukavu mwezi wa Februari 2000, akahamishiwa kwetu Butembo mpaka Septemba. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo alifariki huko Roma. Leo twamsifu sote. Wakati ule wangapi, hata kati yetu, walinong'ona: "Askofu angesali tu"?

Na Padri Vincent Machozi, wa shirika la Waasumptio, aliyesoma huko Boston, mji ule ule kilikochapwa kijitabu cha Twain? Alikusanya habari na picha za maiti za Beni, akazitangaza kwa intaneti, ili asiwepo mtu wa kusema, "Sikujua." Kamera yake ilikuwa ile ile iliyomtisha mfalme wa Twain. Watu walisema picha zake zatisha, zatia chuki, zaharibu jina la mji, zafukuza wafanya biashara. Usiku wa tarehe 20 Machi 2016 watu wenye silaha walimwua huko Vitungwe, karibu na Butembo. Mapadri watatu wa shirika lake, waliotekwa Mbau tarehe 19 Oktoba 2012, hawajarudi.

Mwingine ataniuliza kwa uchungu wa kweli, naye nampa heshima: "Twawezaje kuchekesha mahali penye makaburi mengi hivi? Waliofiwa watasema nini?" Swali ni zuri. Najibu kwa kuwatazama wanaochekwa. Sikilizeni vichekesho vinavyopita katika simu zetu hapa Butembo. Twamcheka nani? Mmbuti aliyetoka msituni. Mwanamke aliyekimbia vita, ambaye hajui kuvuka barabara ya mji. Mlevi. Mtu wa kijijini asemaye Kifaransa vibaya. Twawacheka walioanguka. Lakini mkubwa akisema katika redio kwamba usalama umerudi, na jioni ile ile watu wakazikwa, hapo twawa watu wa heshima, hatuchekeshi, twapiga makofi. Kumcheka aliyefiwa ni dhambi, wala Twain hakufanya hivyo. Hamtakuta katika kijitabu chake neno moja la kumdhihaki Nsala. Anayechekwa ni yule mwenye kiti. Na mkubwa haogopi machozi yetu, maana ameyazoea. Huja mazishini na miwani myeusi, hutoa bahasha, huondoka. Siku watoto wa shule watakapoweza kuigiza hotuba yake neno kwa neno, na umati ukacheka mahali pale pale alipokusudia watu wapige makofi, hotuba ile haitamfaa tena.

Basi nawaomba walimu wetu mambo mawili, nayo si makubwa. La kwanza, watoeni Twain na wenzake sandukuni. Mwandishi amekufa tangu mwaka 1910, vitabu vyake havina mwenye kudai malipo, vyaweza kunakiliwa na kutafsiriwa na yeyote. Mwalimu ajuaye Kifaransa na Kiswahili achukue kile kijitabu cha Mfalme Leopold, akitafsiri kurasa chache, azisome pamoja na wanafunzi wakubwa. Wakifika penye msalaba, awaulize: nani amtukanaye Kristu hapa? Awaache wabishane hata kengele ilie.

La pili nawaambia makatekista wa vituo vya mbali, upande wa Mbau, Oicha na Ruwenzori, ambao huzika watu kabla habari haijafika mjini. Msiandike "watu kadhaa waliuawa". Andikeni jina, umri, kijiji, siku, na nani aliona. Aliyekufa akiwa Mprotestanti, Mwislamu, Mkimbanguisti au mtu asiye na ubatizo, mwandikeni katika daftari lile lile, mstari baada ya mstari, na nakala moja iwekwe penye paroko. Kalamu na daftari la shule vyatosha. Lontulu alikuwa na vijiti tu.